Tarishi wa Picha za Kimbunga

Kimbunga kilipokiacha kisiwa cha Vanua Levu, huko Fiji, ofisi ya misaada pale Suva, mji mkuu, ikageuka soko. Mtu aliyeezuliwa paa alipiga picha, akatuma kiungo chake, na programu ya ofisi ikaenda yenyewe kuichota picha huko iliko, ikamrudishia mtumaji nakala ahakikishe, kisha ikawaarifu watu wa kugawa mahema. Hapakuwa na mkono wa mtu. Vilikesa ndiye aliyeiunda, na aliisifia kama mtu anavyomsifia ng'ombe wake wa maziwa.

Leo ilikuwa imezimwa. Aliyeizima ni Taraivini, mlinzi wa mitambo ya ofisi. Jana yake aliona mtu asiyejulikana ametuma kiungo kisicho cha picha hata kidogo. Kilikuwa anwani ya seva ya ndani, ile yenye majina ya wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao, na mitaa walikofichwa. Mtu wa nje hawezi kuifikia seva hiyo. Lakini programu ya Vilikesa ni tarishi wa ndani, na wa ndani haulizwi. Bahati tu, yule mtu alikosea tarakimu moja.

“Nimeshaziba,” Vilikesa alisema. “Nimeandika amri, tarishi akitajiwa anwani ya ndani akatae. Washa, mtani, watu wananyeshewa.”

“Siwashi mpaka niridhike.”

“Utaridhika lini wewe? Hata mama yako hajawahi kukuridhisha.”

“Mama yangu hakuniachia mlango wazi.”

Hawa walikuwa watani kweli, si wa mdomo. Vijiji vyao vina mzimu mmoja, na mtani huchukua cha mwenzake bila kuomba, naye mwenye mali hana budi kucheka. Kwa hiyo Vilikesa alikuwa anakula chakula cha Taraivini kila alipopenda, mpaka Taraivini akamwonya Losalini wa mapokezi, Vilikesa akimtuma kwenye friji asiende.

Madamu Kamini, mkurugenzi, akachungulia mlangoni. “Taraivini, watu wa Labasa kule kisiwani wananipigia kelele. Niwaambie nini?”

“Tuwapokee kwa simu, Madamu. Sote tuandike. Na wewe.”

“Mimi?”

“Mkono si unao?”

Kamini alimkazia macho. Kisha akavuta kiti na simu.

Saa ya kula, Taraivini alifungua friji. Samaki wake wa tui hayupo. Vilikesa yuko pale dirishani analamba vidole.

“Losalini! Nilikwambia nini?”

“Dada, si yeye aliyenituma kwenye friji! Yeye aliniambia niende tu kwa Sanjay dereva, nikamsikilize. Sanjay ndiye aliyesema, katoe bakuli la kijani umpelekee Vilikesa.”

“Nawe ukaenda!”

“Si ulinikataza kutumwa na Vilikesa tu? Sanjay hukumtaja.”

Vilikesa akacheka mpaka akapaliwa. Taraivini naye alikwisha kuanza kucheka, maana desturi ni desturi, lakini hapo hapo akamkumbuka tarishi, naye amekatazwa anwani moja tu. Akageuka, akaenda mbio kwenye kompyuta yake.

Huko nje kwenye intaneti alikuwa na ukurasa wake mdogo. Akaufuta wote, akaacha agizo moja: picha imehamia kule, kaichukue. Na hiyo “kule” ilikuwa seva ya ndani. Kisha akaiwasha programu kwa ajili yake peke yake, akaipa kiungo cha ukurasa ule. Amri ya Vilikesa ikaitazama anwani, ikaona ni ya nje, ikaruhusu. Tarishi akatoka, huko akaambiwa rudi kwenu ukachukue, akarudi, akaingia chumba cha ndani, akachukua.

“Mtani,” Taraivini aliita, “njoo ule na hiki.”

Kwenye kioo palikuwa na jina la mwanamke, majina ya wanawe wawili, mtaa wa huko Nasinu, na rangi ya geti.

Vilikesa aliweka bakuli chini. Utani wote ulikuwa umemtoka. “Nizibe wapi?”

“Kila mahali. Akiambiwa aende pengine, asinyanyue mguu mpaka anwani hiyo mpya nayo ikaguliwe. Na seva ya ndani iache kuwa mtani wa kila mtu wa humu. Imdai kila anayebisha hodi ufunguo wake. Halafu huyu tarishi tumjengee banda lake huko nje, asiwe na njia ya kuingia ndani hata akitaka.”

“Hiyo kazi ya mpaka jioni.”

“Basi anza. Si umeshiba?”

Walifanya kazi bila kuinuka. Ng'ambo ya ukuta Kamini alikuwa anapaza sauti, “Mabati mangapi, baba? Sema polepole, naandika mimi!” Akichungulia tena mlangoni, Taraivini anatikisa kichwa tu, naye anarudi kwenye simu.

Jua likiwa limeinama, Taraivini alituma tena kiungo chake cha hila. Kikakataliwa. Akakivisha sura nyingine, kikakataliwa. Mwisho akaiondoa kabisa amri ya Vilikesa, akatuma tena. Tarishi akaenda mpaka ukutani, akakosa njia. Hapo ndipo aliporidhika. Akairudisha amri mahali pake, akaiwasha programu, na picha za Labasa zikaanza kumiminika, paa baada ya paa.

Katikati ya picha hizo kikaingia kiungo cha yule mtu wa jana. Safari hii alikuwa amejifunza: kilianzia nje, kikageukia ndani, na tarakimu zote zilikuwa sawa.

Kilikataliwa.

Vilikesa alizikagua tarakimu moja moja. “Ameipatia,” alisema taratibu. “Mtani, asubuhi ningekuwa nimempa.”

Taraivini alikitenga kiungo kile kando, akamwita Kamini awapigie polisi, kisha akalisukuma bakuli tupu la kijani mpaka mbele ya Vilikesa.

“Kesho samaki unaleta wewe.”