Sawa ya Futi Elfu Thelathini na Moja

Kiti cha kushoto kiligoma. Bi Kulia alikivuta mara ya kwanza, akakivuta mara ya pili, mara ya tatu akakisemesha kama mtu anayembembeleza punda, ndipo kikateleza mbele kwa kelele na kunasa kwenye jino la nne la reli yake. Kwa miaka kumi na tisa kiti hicho kilikaa nyuma kabisa, kwenye jino la tisa, kikiwasubiri marubani wakuu wenye miguu ya korongo. Yeye miguu alipewa kwa kijiko, ulimi akapewa kwa upawa.

Na ulimi ndio uliomponza.

Upande wa kulia, pale alipokaa yeye mpaka wenzake wakambandika jina hilo, leo alikaa mtahini: mzee mkimya, kalamu mfukoni, anayetafuna kijiti cha meno kana kwamba kina mchuzi. Ndege yenyewe waliiita Ajuza. Ilikuwa jeti ndogo kuukuu ya injini mbili, abiria sita wakibanana, iliyotoka kiwandani mwaka aliozaliwa Bi Kulia. Kitabu chake kilisema inaweza kupanda hadi futi elfu arobaini na moja. Lakini ujana haurudi. Kuanzia elfu ishirini na tisa angani kuna msongamano. Ndege hupangwa moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni, nafasi kati yao futi elfu moja tu, na asiye na saa za kimo, zile zinazopima ndege iko juu kiasi gani, zilizothibitishwa haingii humo. Saa za Ajuza hazikuwa zimethibitishwa. Kwa hiyo kwenye dashibodi kulikuwa na kibandiko chekundu kilichochoka: MWISHO 28,000.

Miaka miwili iliyopita, kwenye mtihani kama huu, mwongoza ndege alimwambia kwa redio kwamba akipenda apande hadi elfu thelathini na moja, kuna upepo mzuri wa kumsukuma. Redio ina lugha yake, maneno yamepimwa kama dawa. Lakini Bi Kulia alilelewa kwenye nyumba ambamo mtu akikukaribisha, unaitika kwanza, mengine baadaye. Ulimi ukarudi nyumbani.

"Sawa," alisema.

Mkono wake haukuwa umegusa kitu. Haukuhitaji kugusa; redioni, kuitika ni kukubali. Mtahini wa siku ile alichomoa kalamu, na kazi ya miezi minane ikazimwa na neno la silabi mbili.

Tangu hapo vijana wawili aliowafundisha kuwasha injini walipata cheti cha rubani mkuu wa aina hiyo ya ndege, wakahamia kushoto, wakaanza kumwita mama kwa sauti ya kumhurumia. Sasa wote wamekwenda kwingine, na tajiri mwenye ndege alikuwa amesema wazi: akianguka tena, ataajiriwa rubani mkuu kutoka nje, na Bi Kulia atazeekea kulia.

Mume wake, kinyozi, hakujua jeti wala mkia wake, lakini alimjua mkewe. Akabuni tiba. Kila alipompa sahani alimwambia, "Panda thelathini na moja ukipenda, mama watoto." Kila alipompisha mlangoni, thelathini na moja. Akiwa na povu la mswaki mdomoni, thelathini na moja. Naye alitakiwa kujibu, "Siruhusiwi." Tiba ikakolea hadi ikamwagika. Muuza duka alimuuliza kama atapenda mfuko, akajibiwa kwamba haruhusiwi, akabaki anaitazama sabuni.

Ajuza aliondoka ardhini kwa mlio wake wa zamani, ule wa birika linalolalamika. Bi Kulia alipanda taratibu, akasoma orodha kwa sauti, akatulia kwenye elfu ishirini na nane. Anga ilikuwa safi kama kioo cha kinyozi kwa dakika ishirini. Kisha mbele kukajengeka wingu, jeupe juu, jeusi tumboni, pana kama mtaa. Kilele chake kilifika kama elfu thelathini hivi.

Mwongoza ndege wa leo alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka vizuri. Alieleza kwamba wenzao waliotangulia wamepita juu ya wingu lile bila kutikisika. Hakuwa ameitazama vizuri karatasi ya safari ya Ajuza. Akamalizia kwa ukarimu kabisa: apande elfu thelathini na moja, akipenda.

Kijiti cha mtahini kikasimama.

Bi Kulia aliufungua mdomo na kulisikia neno lile likipiga miayo kwenye koo, limeshavaa viatu, liko tayari kutoka. Akalimeza. Lilishuka kama kidonge bila maji.

"Haturuhusiwi," alisema. "Saa zetu za kimo hazijathibitishwa. Tunabaki ishirini na nane. Tunaomba kupinda kushoto tulizunguke wingu."

Redio ikaomba radhi na kumruhusu.

Mtahini akalitazama lile wingu, akamtazama yeye. "Lakini Ajuza anaweza kufika huko juu."

"Anaweza, mzee. Anaweza na zaidi." Alikuwa tayari anaigeuza ndege, jicho moja kwenye mafuta. "Kuweza si kuruhusiwa. Mimi mwenyewe nimeweza kwa miaka kumi na tisa."

Mtahini alimwuliza kama mafuta yatatosha kwa mzunguko ule, maana huku chini, kwenye hewa nzito, injini hizi hunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Bi Kulia alikuwa ameshapiga hesabu wakati wa kupinda: yatatosha kufika, kuzunguka nusu saa, na kukimbilia uwanja wa pili. Wingu likapita kulia kwao polepole, likinguruma kama jirani aliyenyimwa.

Walipokaribia kutua, mzee aliipunguzia nguvu injini moja kumjaribu, bila hodi. Mguu mfupi ulikuwa pale unapotakiwa, jino la nne, ukakanyaga pedali, na pua ya Ajuza ikanyooka. Magurudumu yakagusa lami, moja, halafu jingine, kwa adabu.

Injini zikazimwa. Mtahini aliandika muda mrefu kuliko kawaida, akatia sahihi, akakitoa kijiti mdomoni kwa heshima.

"Hongera, kapteni."

Alimpigia mumewe akiwa bado kitini. Mashine ya kunyolea ilisikika nyuma, kisha ikazimwa.

"Panda thelathini na moja ukipenda," sauti ya mume ilisema.

"Siruhusiwi," alisema. "Mimi rubani mkuu."

Kule kwa kinyozi watu walipiga makofi. Mteja mmoja, nywele nusu, alipiga kuliko wote.

Fundi alikuja na ufagio wake, akaingiza kichwa kwenye chumba cha marubani. Kwa mazoea akashika kiti cha kushoto akirudishe nyuma, kisha mkono ukasita.

"Nikiache hapa hapa, kapteni?"

Bi Kulia alilipima neno mdomoni, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Sawa," alisema.

Fundi akafagia kukizunguka. Jua la mchana liliingia kwa kioo cha mbele, likapita juu ya kibandiko chekundu, likatua kwenye reli ya kiti: meno matano yaliyo nyuma yake, matupu, yanang'aa.