Kombe la Mlango wa Bulaimu

Jumanne, saa mbili asubuhi, mto Lualaba ulirudi nyuma hatua arobaini na kuacha pwani ya bahari mbele ya nyumba ya Florentin, pale Alunguli. Mchanga ulikuwa mweupe, maji yalikuwa ya chumvi. Wanawake wakajaza bidoni zao, maana chumvi ilikuwa shida sokoni.

Shefu wa mtaa akaja na sekretere wake kuandika kila kitu. Lakini utaandikaje kitu usichokijua jina? Wakamwita Mama Latifa. Mababu zake walitoka pwani enzi za misafara, na wasichana wa kwao, wakitwanga mpunga, huimbishwa majina ya vitu vya baharini. Hakuna hata mmoja aliyeiona bahari. Majina wanayo, basi.

Latifa alifika. Nyumba ile ilikuwa yake. Mwaka 2002, wakati wa vita, Florentin alikuja na askari, wakamtoa mumewe, Bulaimu, wakampeleka mtoni. Tangu siku ile Florentin husema Bulaimu alimwuzia nyumba kwa hiari yake akasafiri. Kila Latifa akishtaki, shefu humjibu: leta shahidi, mama.

"Huu njo mwani," Latifa alisema. "Huyu kiti cha pweza, miguu tano. Kile kimuti, mukoko."

Sekretere aliandika. Florentin alikunywa chai yake kizingitini.

Ndipo Latifa akaokota kombe kubwa lenye mdomo mwekundu, akaliweka sikioni, kama wimbo unavyoagiza. Akasikia: "Florentin, acha mulango. Watoto wangu wako ndani. Sisi ni majirani." Alikuwa Bulaimu, na mafua yake ya mwaka ule.

Masikini Latifa! Hakulia. Akampa shefu.

"Shahidi njo huyu. Sikiliza."

Shefu alisikiliza mpaka mwisho, mpaka risasi. Akampa sekretere, sekretere akampa Florentin. Wanawake wakaacha kuchota. Hata kaa walisimama. Florentin alisikiliza kwa utulivu, kama anayesikiliza matangazo ya vifo redioni.

"Njo yeye," alisema. "Alikuwa na mafua."

Shefu akafuta jasho. "Sekretere, andika: kombe moja, kubwa, zima."

"Andika kama inasema!" Latifa alipaza sauti.

"Mama, kwa karatasi iko nafasi ya jina na ya hesabu. Ya kusema hakuna."

Na kitu kikiokotwa kwenye kiwanja, ni cha mwenye kiwanja. Florentin akatia saini.

Alasiri mto ulirudi mahali pake. Kombe lilibaki, na Florentin hulitumia kuzuia mlango usijifunge upepo ukivuma. Hata leo ukipita pale utamsikia Bulaimu akiomba. Watu wa Alunguli wana adabu zao: humwitikia, wakaenda zao.

Latifa hupita kila asubuhi. Husimama, huinama kidogo. "Watoto wamekomaa, Baba Mounira," humwambia mumewe. Kisha hurudi kwenye chumba chake cha kupanga.