Mihogo ya Tarehe Nane Machi

Jumatatu asubuhi Jovina alishuka kijitoni, nyuma ya kiwanda cha vitenge hapo Gitega, kuopoa mihogo aliyoiloweka siku tatu. Ilikuwa imelainika vizuri, na yote ilikuwa na maua ya njano kwenye rangi ya samawati. Pembeni, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Siku ya Wanawake, 8 Machi. Akaipanga kwenye beseni. Mwezi uliopita mihogo ilitoka na samaki, na kabla ya hapo na mistari ya sare za shule.

Mihogo haikumsumbua tena. Kilichomkera ni kwamba maua yalikuwa yameanza kumpanda mjukuu wake Anisia, aliyeogeshwa kwa maji hayohayo. Yalikuwa yamefika viwikoni, na yaliwasha. Huyu sasa ni mtoto, si muhogo!

Mara tatu Jovina alikwenda kiwandani kuomba wachimbe bwawa la kutulizia maji ya rangi kabla ya kuyamwaga kijitoni. Mara tatu aliambiwa alete ushahidi. Ushahidi, jamani! Haya, safari hii alijitwika beseni.

"Iko nini tena, mama?" Matata, mlinzi wa getini, alimuuliza.

"Ushahidi. Mwambie mkubwa wako nimeuleta."

Msimamizi Nazario aliinua muhogo mmoja, akaugeuza, jasho likamtoka.

"Nani alikuonyesha hii modeli ya kitenge? Iko siri mpaka tarehe nane!"

"Maji yenu ndiyo yaliyonionyesha, bwana. Na mjukuu wangu anawashwa."

"Mi naona hii iko wizi."

Bwawa lilishindikana miaka miwili, lakini siri ya kitenge ilishughulikiwa mchana uleule. Walikuja mabwana watatu na rula. Walipima maua, wakalinganisha rangi, wakakubaliana kwamba chapa imetoka safi sana. Hakuna hata mmoja aliyechota maji. Wakaandika barua: ni marufuku kuloweka mihogo kijitoni mpaka sherehe ipite. Nazario akampa Jovina kitenge kimoja, ili wasisumbuane.

Tangu hapo Jovina alikula mihogo ya dada yake Ursula, iliyotumwa kwa basi kutoka Muyinga. Maji hayatumwi kwa basi. Anisia aliendelea kuoga ya kijitoni.

Tarehe nane wanawake waliandamana mjini, wote maua ya njano. Anisia alivaa gauni lake la zamani lisilo na mikono. Maua yalikuwa yamemfika shingoni. Mama mmoja mkubwa jukwaani akamwonyesha kidole.

"Bravo! Huyu amependeza mpaka mwilini!"

Watu wakapiga makofi. Nazario naye akapiga, kwa sababu maua yalikuwa yamelingana.

Jioni Jovina alimkalisha mtoto kwenye karai, akamsugua kwa sabuni na gunzi la mahindi.

"Bibi, inauma."

"Najua, mama. Vumilia kidogo."

Alisugua mikono, akasugua mgongo. Nyuma ya sikio, mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, akaona herufi ndogo, zilezile zilizokuwa kwenye pindo la kitenge alichopewa: Rangi haichuji.

Kweli, haikuchuja. Jovina akamfuta mtoto, akamwaga maji yale, akachukua ndoo na kushuka kijitoni kuchota mengine.