Gitaa la Sabina Mnadani

Siku ya mnada, Lazaro Tluway alifika Karatu mapema kutoka Endabash, na gitaa la besi ndani ya gunia la mahindi. Alilitandika gunia kwenye kona wanakouzia vitu visivyo na miguu: sufuria, majembe, viatu vya mtumba, betri za sola. Ng'ambo ya kamba walikuwa mbuzi, na baada ya mbuzi ng'ombe, na baada ya ng'ombe vumbi jekundu, ambalo ni la wote na halitozwi ushuru. Akalilaza gitaa chali, akalifuta kwa kofia yake, akangoja.

Katika kona ile bei hupangwa na Inosenti, fundi wa redio na vyombo vya kwaya, ambaye siku za mnada hugeuka dalali. Utaratibu wake ameuchukua kwa madalali wa ng'ombe. Kabla ya bei hutajwa kasoro, kwa sauti, mbele ya watu. Ng'ombe chongo hutangazwa chongo. Mbuzi aliyewahi kutupa mimba hutangazwa hivyo, mwenyewe apende asipende. Kasoro ikishatajwa mnadani imetajwa, na mtu akija kuikana baadaye atachekwa mpaka Mbulu.

Lazaro alikuja kwa ajili hiyo. Bei ingekuwa yoyote. Alichotaka ni kasoro moja itajwe.

Gitaa lilikuwa la marehemu mkewe, Sabina, mpigaji besi wa kwaya ya Endabash. Sabina alifia kando ya barabara wakati wa kuvuna mbaazi, juu ya mkeka, akingoja gari la wagonjwa. Kila Lazaro alipopiga simu mjini aliambiwa liko njiani. Asubuhi liko njiani, mchana liko njiani, na jua lilipoelekea Manghola Sabina akaacha kuuliza. Siku ya maziko akaja Sylvesta, mkuu wa magari ya serikali, na suti yake, akasimama karibu na kaburi akapewa kipaza sauti. Alisema gari lilitumwa, na lilifika, ila kwa bahati mbaya lilimkuta mgonjwa ameshatangulia. Watu wakaitikia amina. Mwenye kipaza sauti huitikiwa.

Msiba ulipokwisha Lazaro alikwenda mjini kulitazama hilo gari lililofika. Alilikuta nyuma ya uwanja wa magari, juu ya mawe, halina tairi hata moja. Tairi zake zilikuwa zimevishwa gari la mkubwa fulani aliyekuwa na safari ya semina. Kwenye kitanda cha wagonjwa kuku alikuwa anaatamia. Mlinzi alimwonea huruma.

"Chukua chochote, baba," alisema. "Hili haliendi popote."

Lazaro alichomoa waya wa akselereta. Uzi mnene wa gitaa la Sabina ulikuwa umekatika kwenye mazoezi yake ya mwisho, na waya ule ulikuwa na unene uleule. Aliufunga nyumbani, akaukaza, akaupiga kwa kidole gumba. Basi tangu hapo ukipigwa gari hufika.

Inosenti alilinyanyua gitaa, akalitazama kwa jicho moja kuanzia mkiani, kama mtu anayepima ubao.

"Mwili ni wa kiwandani," alisema. "Shingo si yake."

"Mti wa mloliondo huo. Seremala wa Oldeani. Ya kwanza ilivunjikia kwenye lori tukienda kuimba Manghola."

"Na vile vyuma vya kugawa sauti shingoni, viko wapi?"

"Seremala hakujua kuvipachika. Sabina akamwambia acha hivyohivyo."

"Alikuwa anazipataje sauti?"

"Anatelezesha kidole mpaka anaikuta."

"Huyo alikuwa mtu wa imani," Inosenti alisema, akageuza upande wa pili. "Pikapu ya kunasa sauti nayo ya kupandikiza."

"Ya bendi ya hoteli. Wazungu walipoacha kuja, bendi iliuza kila kitu mpaka viatu."

Wakati huo mtu mmoja mrefu wa shuka alikuwa ameshachuchumaa karibu. Aliitwa Tajewo, ametoka Piyaya, ametumwa na kanisa lao kutafuta besi. Aliomba alishike. Akalipima uzito, akalipapasa ubavu, akakaza na kulegeza vifunguo vya nyuzi kimoja kimoja, kisha akaishika shingo kwa nguvu akaitikisa. Evarista, muuza sufuria wa jirani, alishindwa kunyamaza.

"We yero, mbona unalipekua kama ndama? Angalia lisikupige teke."

"Mama, chenye shingo hushikwa shingo," Tajewo alijibu bila kugeuka. "Hizo sufuria zako nazo ningezishika, sema hazina pa kushika."

Watu wakacheka, wakaongezeka. Inosenti akalichomeka gitaa kwenye spika yake ndogo ya betri. Nyuzi tatu nyembamba zilitoa sauti kama besi yoyote iliyochoka. Kisha akaupiga ule mnene.

Gari lilianza kusikika kwa mbali, upande wa Endabash, likiwa kwenye gia kubwa. Lilipofika kwenye kilima likapunguza, likaunguruma, likapanda. King'ora kilifuata. Wenye mbuzi walivuta kamba zao kando bila kuambiwa, na mzee mmoja akasogeza baiskeli yake. Gari likaingia mnadani bila kuonekana, likapita katikati ya watu walipoachia njia, vumbi likanyanyuka nyuma yake likatua kwenye kila kitu. Mbele ya Lazaro likasimama. Injini ikawa inanguruma palepale, taratibu, kama inavyonguruma dereva akingoja mtu ashuke. Lazaro alisogea hatua moja, kama alivyofanya nyumbani kila mara, akasikiliza mlango. Mlango haukufunguka. Gari likaondoka lilikokuwa linakwenda.

Evarista alipuliza sufuria zake. "Nimezifuta sasa hivi," alisema.

"Mbuzi sita," Inosenti alitangaza. Kona ile bei kubwa huhesabiwa kwa mbuzi, wauzaji na wanunuzi wakiwa wanatoka palepale ng'ambo ya kamba. "Sasa kasoro. Ya kwanza, shingo si yake. Natoa mbuzi mmoja. Ya pili, lina vumbi. Kanisani hiyo ni kazi ya kufagia kila Jumapili. Natoa mwingine."

Lazaro alivua kofia.

"Ya tatu ipo, fundi," alisema. "Itaje."

Inosenti alimtazama. Alimfahamu Sabina kwa sura, alishatengeneza spika za kwaya yake. Akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mnadani, ile inayofika kwa ng'ombe:

"Kasoro ya tatu! Gari linasikika, lakini gari hamna! Mgonjwa hapakiwi! Natoa mbuzi wa tatu!"

Imetajwa. Watu walitikisa vichwa, na wengine wakasema ni kweli, hapakiwi. Lazaro alibaki na kofia mkononi. Kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, jambo lile lilikuwa la kweli mbele ya Karatu nzima, na kama mnada ungefungwa pale, lingebaki kuwa la kweli.

Lakini Sylvesta naye alikuwa mnadani. Alikuja kuchagua beberu wa kumuagia mkubwa mwenzake aliyehamishwa. Aliposikia neno gari alikuja, njiti ya meno mdomoni.

"Nani amesema gari hamna?"

"Ni kasoro ya chombo, mheshimiwa," Inosenti alisema, sauti ikiwa imeshashuka.

"Hebu piga nisikie."

Inosenti alipiga. Gari likaja kama mwanzo. Likapanda, likapiga king'ora, likapishwa. Sylvesta naye alipisha, akashika ncha ya koti lake lisichafuke. Injini ilisimama mbele ya Lazaro ikanguruma, ikaondoka. Sylvesta alingoja vumbi litulie, kisha akawageukia watu kwa upole.

"Ndugu zangu, mmesikia nini?"

"Gari," walisema.

"La aina gani?"

"La wagonjwa."

"Limefika, halikufika?"

Watu wakatazamana. Walikuwa watu waaminifu, na wamelisikia kwa masikio yao, na vumbi wanalo kwenye nguo.

"Limefika," walisema.

"Mheshimiwa, na hizi sufuria mara mbili sasa, nani atanisaidia?" Evarista aliuliza.

"Mnaona?" Sylvesta alisema. "Vumbi halinyanyuki bila tairi. Mimi nilisema pale makaburini, gari lilifika, watu wakanong'ona. Leo limejisemea lenyewe."

"Mke wangu hakupakiwa," Lazaro alisema.

Sylvesta alimwekea mkono begani. Wakubwa wana mikono myepesi sana ikiwa begani.

"Pole sana, baba. Pole kweli. Ila hapo unazungumzia suala la mlango. Mimi ni wa magari."

Inosenti alikuwa na kibanda mjini, na umeme wa kibanda, na kibali cha kibanda. Aliitazama spika yake.

"Kasoro ya tatu imefutwa," alisema, sasa ile sauti ya kufika kwa ng'ombe hakuitumia, na haikuhitajika. "Bei inarudi mbuzi wanne."

Tajewo hakubishana. Aliwaleta mbuzi wanne wazuri, akawakabidhi. Lazaro naye akainama, akalegeza kifunguo, akautoa uzi mnene, akauviringa mkononi. Huko Endabash na huko Piyaya jambo hili halifundishwi, mtu huzaliwa analijua: mnyama akiuzwa kamba yake haiendi naye. Kamba hubaki kwa muuzaji, la sivyo baraka ya zizi humfuata mnyama. Tajewo alikwisha fungua kamba za mbuzi wake wanne, naye amezikunja kwapani.

"Ungeniachia huo ningeshukuru," alisema. "Kwetu hata sauti ya gari haijawahi kutumwa. Lakini sivuti kamba ya mtu." Akalitia gitaa mgongoni chini ya shuka, na nyuzi zake tatu, akaelekea lilipo lori la kwenda Sale.

Lazaro alikuwa anautia uzi mfukoni Sylvesta alipouona.

"Huo waya umetoka wapi, baba?"

Lazaro hakuzoea uongo. Alisema umetoka kwenye gari.

"Basi ni mali ya umma," Sylvesta alisema, akaunyoosha mkono. Hakufoka. Alingoja tu mkono ukiwa umenyooka, na vijana wawili aliokuja nao wakasogea, na Lazaro akautoa.

Wiki chache baadaye palikuwa na sherehe Endabash. Nguzo mbili za chuma zilisimikwa kwenye geti la zahanati, zikapakwa nyeupe na mstari mwekundu, na uzi wa Sabina ukakazwa kati yake. Utepe ulikatwa. Sylvesta alisema kilio cha miaka mingi cha wananchi kimesikika, na Endabash sasa ina gari la wagonjwa lisilokula mafuta. Kwa kuwa kata moja haiwezi kuwa na magari mawili, lile lililokuwa juu ya mawe liliuzwa chuma chakavu, kuku akahamishwa. Kwaya iliimba bila besi. Yohani, mlinzi wa zahanati, alionyeshwa namna ya kupiga kwa kijiti asijikate kidole, na watoto wa shule walifundishwa kupisha.

Watu walizoea upesi. Gari lilikuja kila lilipoitwa, na halikuchelewa hata siku moja, jambo ambalo hata wenye uchungu walikubali. Mbuzi wanne wa Lazaro walichunga kando ya barabara, na Yohani akipiga walitoka njiani wenyewe, wakarudi vumbi likitua.

Mvua za vuli zilipokaribia, Dorkasi, jirani yake Lazaro, alishikwa na uchungu wa uzazi ukamkaa vibaya. Nesi alimtazama akasema aende hospitali, mjini, sasa hivi. Yohani akaenda kwenye nguzo akapiga. Wanaume wanne hawakungoja. Walimlaza Dorkasi juu ya kitanda cha kamba, wakakinyanyua mabegani wakashika barabara kuelekea njia panda, ambako saa zile huwa panapita malori ya mbaazi. Lazaro alishika mguu wa nyuma wa kushoto.

Walikuwa wamefika penye kilima waliposikia gia ikibadilishwa nyuma yao. Kisha king'ora. Walishuka wote wanne pamoja, kwa uangalifu, wakakiteremsha kitanda mtaroni, Lazaro akavua kofia akamfunika nayo Dorkasi uso kwa ajili ya vumbi. Gari likaja, likawakaribia, likasimama pale barabarani usawa wao. Injini ilinguruma. Lazaro alisikiliza mpaka mwisho. Kisha likapandisha gia, likaenda Karatu.

"Limefika?" Dorkasi aliuliza chini ya kofia.

"Limepita," Lazaro alisema.

Akaukamata mguu wake wa kitanda, wenzake wakakamata ya kwao, wakanyanyua.