Saini ya Babu

Saa nne asubuhi fundi cherehani aliletwa chumba cha dharura, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Daktari alisema afanyiwe upasuaji ndani ya saa moja, la sivyo watampoteza. Nesi akaleta fomu.

"Lete kalamu nisaini," fundi alisema, meno kayauma.

"Pole, dada. Anasaini msemaji wa familia."

"Kwani tumbo si langu?"

"Tumbo lako, fomu yetu."

Msemaji alikuwa babu yake, aliyefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo ukoo haukuwahi kukubaliana nani amrithi. Korido ikajaa. Baba mkubwa akasema yeye ndiye mkubwa. Baba mdogo akasema ukubwa si miaka, ni busara. Shangazi akasema busara yenyewe hawana wote wawili. Walibishana dakika arobaini bila kumeza mate, maana familia ile ilijaliwa mapafu. Fundi alikuwa anaogopa kufa.

Ndipo babu akaingia kwa mlango wa wageni, ndani ya suti ya kijivu aliyozikwa nayo. Mjukuu wake ndiye aliyeishona.

"Shikamoo, baba," shangazi akasema.

"Marahaba. Makelele yenu yanafika mpaka kule! Hamna haya?"

Nesi alimwambia anawe mikono, akanawa. Alimwomba kitambulisho, akakitoa mfukoni.

"Mzee, hiki kimeisha muda."

"Hata mimi."

Nesi akakubali kwamba hilo halina ubishi, akamkabidhi fomu. Babu hakusaini. Alikwenda kwanza kitandani.

"Mchumba, unataka wakupasue?"

"Nataka, babu. Tangu saa nne nasema nataka."

Babu akamgeukia nesi. "Si umemsikia?"

"Nimemsikia, mzee. Saini hapa chini."

Babu akasaini, akafuta kalamu kwa leso, akairudisha.

Upasuaji ulikwenda salama. Fundi aliamka ana njaa, akacheka, akashika mshono kwa sababu kicheko kiliuma. Babu alikuwa ameshaondoka. Habari zake zilienea wodini kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya nne daktari alimruhusu aende nyumbani. Fundi alivaa gauni lake, akafunga mkoba, akawaaga majirani wa vitandani mmoja mmoja. Nesi akaja na fomu ya kutoka. Fundi akanyoosha mkono apokee kalamu.

"Mpaka babu aje," nesi alisema kwa upole, akamwonyesha benchi la korido.

Fundi akashusha pumzi. Alikumbuka kwamba kifungo kimoja cha ile suti kilikuwa kinalegea, akatoa sindano na uzi wa kijivu ili babu asimkute amekaa bure. Benchini walikuwa wamekaa wanawake watatu, kila mmoja na fomu yake mkononi, wanamsubiri babu huyohuyo.

"Hebu sogeeni kidogo," akawaambia.