Uso wa Kituo cha Tano

Anayetaka kuonyeshwa makanisa ya zamani ya Likasi huletwa kwangu. Si kwamba nina elimu. Nina funguo, na nina mdomo. Maisha yangu yote nilichora vibao vya maduka, mpaka mikono ikaanza kutetemeka na herufi zikawa zinalewa, ndipo parokia ikanipa kazi ya kuzungusha wageni. Naitwa Urbain. Wageni wengi hutazama vioo vya rangi dakika tano, hupiga picha kumi, kisha huuliza ni wapi panapouzwa kitu cha baridi. Hao sina shida nao.

Orpha alikuja Jumanne asubuhi. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwalimu, ametoka Mbuji-Mayi huko Kasai, safari ya siku nyingi, na viatu vyake vilikuwa bado na vumbi la njiani. Nilimpeleka kwanza kanisa kubwa la mjini. Nikamweleza madirisha moja baada ya jingine, nikamweleza madhabahu, nikamweleza hata kengele. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Kutoka hapo tukaenda kwenye kikanisa cha masista, kuna Bikira Maria wa mti ambaye mchwa wamemla vidole. Habari za vidole vile ninaweza kuzirefusha mpaka saa nzima, na siku hiyo nilianza kuzirefusha. Akanikata katikati.

"Merci, Papa Urbain. Lakini sikukuya kuona madirisha. Kuko kanisa moya kule Panda, mu kambi. Mu Njia ya Musalaba, ule Simoni iko na sura ya kambo yangu."

Kambo ndiyo babu. Na babu yake alikuwa Alexis Kazadi, fundi wa tanuru. Nilijua kabla hajalitaja jina.

Tulikaa kwenye ngazi za masista akanieleza. Mwaka wa tisini na tatu, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na wenyeji, familia yake iliondoka na ilichoweza kubeba, na picha zote zikabaki nyumbani ukutani. Mzee Alexis alifia ndani ya treni kabla ya kufika Kamina, akazikwa kando ya reli, mahali ambapo hakuna atakayepajua tena. Picha yake haipo, hata moja. Sasa mama yake Orpha, Mama Martine, binti wa Alexis, ameanza kusahau. Anasahau chumvi, anasahau majina ya wajukuu, na juzi aliamka akilia, akiuliza kama baba yake alikuwa na masharubu au hakuwa nayo. Kitu kimoja tu hakusahau, kwamba baba yake alichorwa kwenye ukuta wa kanisa la kambi ya wafanyakazi. Orpha alitaka kuupiga picha uso ule, amtumie mama yake autazame wakati bado anajua anamtazama nani.

Nikamwambia kanisa la kambi hufungwa Jumanne. Akasema atalala, atangoja Jumatano. Nikamwambia ufunguo anao padri, na padri amesafiri. Wakati nasema hivyo funguo zilikuwa zinagongana mfukoni mwangu. Orpha aliutazama mfuko, na mimi nikaona aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Tukachukua teksi kwenda Panda.

Njiani nilikuwa nakumbuka. Kanisa lile ni la matofali mekundu, lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Kuta zilikaa nyeupe mpaka mwaka wa themanini na mbili, padri wa wakati huo alipomwomba bwana François achore vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba. François alikuwa mchoraji wa karakana, kazi yake kuandika namba kwenye mabehewa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, najifunza kwake. Rangi ya kijani tuliipata kwa jiwe la kijani la hapa kwetu, nililitwanga mimi kwenye kinu mpaka mabega yakafa ganzi. Na nyuso, François alichukua za wenzake wa kazini, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Kila mmoja alikuja baada ya zamu, akaketi kwenye kigoda. François alimchora kwenye karatasi ngumu, kisha akatoboa mistari yote kwa sindano, tundu baada ya tundu. Karatasi ile unaibandika ukutani, unaipigapiga na kifuko cha unga wa makaa, ukiiondoa uso umebaki ukutani kwa nukta, tayari kwa rangi. Pilato alikuwa karani wa ofisi ya ajira, na wala hakukasirika. Alexis Kazadi akawa Simoni, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba. Uso wake mzima ulikuwa mbele, na mkono wake juu ya mti.

Baba yangu aliwekwa kituo cha kumi, ndani ya umati, amegeuza mgongo. François alisema mzee hakuweza kukaa tuli kwenye kigoda. Inawezekana. Lakini baba alikuwa mtu wa Kambove, mwenye nchi, ametumika tanuru lile lile miaka ile ile, na nilisali nyuma ya mgongo wake miaka kumi na moja huku Alexis, jirani yetu wa Kasai, akitutazama kwa macho mawili. Hilo liliniuma. Sitalipamba.

Tulipoingia, Orpha hakungoja maelezo. Alihesabu vituo kwa kidole, akasimama kwenye cha tano, akainua simu. Akaishusha. Akasogea karibu, akarudi nyuma, kisha akageuka akanitazama mimi muda mrefu kuliko alivyoutazama ukuta.

"Huyu haiko kambo," akasema. "Huyu ni weye."

Nimefanana na baba, kila mtu husema. Nilikuwa na uongo wa kutosha wa siku hiyo, ningeweza kusema mchoraji alikosea, au kwamba unyevu umeharibu. Nilichoka ghafla.

"Haiko minye. Ni papa yangu. Na minye njo nilimuweka."

Nikamweleza nikiwa nimesimama. Kwamba siku zile za mwaka wa tisini na tatu vijana wa kambi walikuwa wanasema haifai mtu wa Kasai aendelee kumbebea Yesu msalaba katika kanisa letu, wakataka kuuponda ukuta kwa nyundo. Nikawaambia waniachie mimi, mimi ni mtu wa kazi hii, nitaifanya kwa usafi. Miaka mingi nimejidanganya kuwa niliuokoa ukuta. Ukweli ni kwamba nilipata nafasi, na baba yangu akapata uso. Alipokuja kuona Jumapili iliyofuata alitoka nje kabla ya komunyo, na mpaka anakufa hakuketi tena upande ule wa kanisa.

Orpha hakupandisha sauti. Aliketi kwenye benchi, akauliza kama rangi yangu ikibanduliwa polepole, ya zamani itaonekana chini yake. Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimekwangua kwanza kwa kisu mpaka kwenye plasta, ili rangi mpya ishike vizuri. François alinifundisha hivyo, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

"Basi," akasema, "mulimufukuza mara mbili."

Akaweka simu kwenye mkoba, akasimama kuondoka. Nilimwona akitembea kuelekea mlangoni na kichwani nikamwona mama yake, ambaye sikuwa nimemwona tangu tukiwa vijana, akiuliza habari za masharubu kitandani. Nikamwita. Nikamwambia kuna karatasi.

François alipokaribia kufa alinipa zile karatasi za matundu, zote. Nyingine nilizitoa, nyingine zikaoza. Ya Alexis ilibaki kwenye bomba la plastiki chini ya kitanda changu. Asinisifu mtu kwa kuitunza, kwa kuwa mara mbili nilitaka kuichoma na nikaogopa. Nyumba yangu ni ya tatu nyuma ya kanisa. Nilikwenda nikarudi nayo, na makaa mawili ya jikoni, na soksi. Orpha alikuwa bado amesimama mlangoni.

Tuliikunjua juu ya benchi. Mende walikuwa wamekula katikati, tundu la ukubwa wa kiganja, kuanzia chini ya pua mpaka juu ya kidevu. Nikaponda makaa, nikayatia kwenye soksi. Chini ya kituo cha tano ukuta ni chokaa nyeupe tupu. Niliibandika karatasi hapo, Orpha akaishika pembe za juu, nikaanza kupiga. Tulipoiondoa, kulikuwa na paji la uso, macho yenye mifuko, pua pana, na sikio la kushoto lililopungua kipande, mahali palipochomwa na cheche ya tanuru.

Orpha aliligusa sikio kwa ncha ya kidole.

"Hii naijua," akasema. "Alikuwa ananibeba ku mabega, nashika hapa."

Kisha akauliza kinywa kiko wapi. Nikamwonyesha tundu la mende. Akasema mimi nilikuwa jirani, nilimjua, nichore. Hakusema kama anayeomba.

Nilichukua kipande cha makaa. Miaka kumi na zaidi niliishi ukuta kwa ukuta na mtu yule. Alikula kwetu, alicheka kwetu, siku ya arusi yangu alihutubia mpaka watu wakamwomba aketi. Nikakitafuta kinywa chake kimefungwa, kinacheka, kinatafuna. Hakuna kilichokuja. Kilikuja kimoja tu, cha stesheni. Siku ya treni yao nilikwenda stesheni, na kwa miaka yote nimesema nilikwenda kusaidia, ingawa sikubeba hata kikapu. Watu walikuwa wamejaa hata juu ya mabehewa. Alexis alikuwa katikati yao, na mtoto wa kike amempanda mabegani. Aliniona juu ya vichwa vya watu. Akaliita jina langu, mara mbili. Nikatazama viatu vyangu, nikarudi nyumbani. Siku ya nne nikachukua kisu nikaenda kanisani.

Basi nikachora kinywa nilichokuwa nacho, kikiwa wazi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Juu yake hakukuwa na masharubu, hilo nililikumbuka vizuri. Nilijifariji kwamba atakayekiona atadhani ni mtu anayeimba, kwa kuwa ni kanisa.

Orpha alipiga picha mara tatu, akachagua moja, akaituma. Tukaketi kwenye benchi moja, tumeachiana nafasi ya mtu wa tatu. Kule Mbuji-Mayi jirani ndiye humshikia mama yake simu, alisema, na mtandao wakati mwingine unakataa. Nje mtu alikuwa anapitisha baiskeli yenye mzigo wa mkaa, inalia. Hatimaye simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na Orpha aliufungua kwa sauti ya juu ili nami nisikie.

Sauti ya mwanamke mzee ikajaa kanisa. Miaka thelathini ya Kasai haikuwa imemtoa Kiswahili cha kambi.

"Ni papa. Ni yee kabisa, ni papa yangu." Kisha pumzi, ndefu, mtu akisogeza kitu. Nikadhani ameshamaliza. "Orpha. Iko anaita nani?"

Orpha alikigeukia kinywa kile ukutani, akakitazama kana kwamba sasa tu amekiona. Halafu akanigeukia mimi. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaisogeza simu mpaka karibu na midomo yangu, akangoja.

"Mama Martine," nikasema, "ni Urbain, wa nyumba ya pembeni. Alikuwa anaita minye. Sikuitika."