Sekunde Tano na Nusu

Mimi sipendi kuzungushwa. Nimekaa jeshini miaka kumi na tisa nikifundisha vijana kulenga shabaha, na nilipostaafu nikachukuliwa kuwa mwamuzi katika kilabu chetu cha shabaha, huku uwandani kupita Isinya. Mtu akinisalimia na tabasamu kubwa, mimi Obonyo naangalia mikono yake. Ndiyo sababu Keziah Wacuka alinitia wasiwasi siku ya kwanza.

Huyu mama anafuga kuku Isinya. Alikuja na bastola yake ya mtutu mrefu, leseni iko sawa, akasema anataka kupiga bamba la mita mia nane. Mita mia nane! Hapo hata wenye bunduki za darubini wanakosa. Tulicheka mpaka Gakuru, mwenyekiti wetu, akafuta machozi. Yeye akaketi chini, akaegemea tairi kuukuu, akashika bastola katikati ya magoti na kuinua mtutu wake kana kwamba analenga mawingu. Risasi nne zikatimua vumbi. Ya tano, nikasikia ngaaa.

Bamba lenyewe ni chuma cha ukubwa wa mlango, kimepakwa rangi nyeupe. Mbele yake kuna handaki, na ndani yake alikuwa Naipanoi, binti tuliyemwajiri. Kazi yake ni kutazama bamba, kusema kwa redio ya mkono kama limegongwa, kisha kufunika alama kwa brashi ya rangi. Kwa umbali ule jua hufanya hewa itetemeke, hata darubini haikusaidii. Kwa hivyo neno la Naipanoi ndilo alama yetu. "Imegonga," akasema, na watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa natazama saa. Bunduki ikifyatuliwa pale, mlio wa chuma huturudia kabla sekunde nne hazijaisha. Hesabu hiyo naijua kama jina la mama yangu. Ule wa Wacuka ulirudi baada ya sekunde tano na nusu. Nikajiambia, aisee, huyu msichana anasikia mlipuko, halafu anaokota jiwe na kugonga chuma. Wiki iliyofuata nikahesabu tena: tano na nusu. Za mwizi ni arobaini, lakini mimi sikuwa na subira ya kungoja arobaini.

Nikashuka handakini. Jiwe nikalipata, kubwa kama ngumi. Naipanoi akasema ni la kukandamiza kifuniko cha rangi, upepo usikipeperushe. Nikaulizia kwao, nikaambiwa Wacuka humpelekea mayai. Ndiyo, wanasali kanisa moja, lakini kwangu mayai ya bure hayako. Nikamfundisha Gakuru na kamati nzima kuhesabu na saa zao, wakahesabu, wakanipa mkono. Naipanoi akafutwa kazi mbele ya watu.

"Mzee, mimi sijawahi kusema imegonga kama haijagonga," akaniambia.

Nikamwonyesha njia. Habari ikafika kwao Kitengela kabla yake. Jumapili ile kanisani wakamwondoa kwa darasa la watoto alilokuwa akifundisha, kwamba mwongo atawafundisha watoto nini. Nilisikia, na sikuona haya hata kidogo.

Wacuka hakugombana na mtu. Jumamosi akaja, akaniambia kwa upole: "Mzee Obonyo, ingia handakini wewe mwenyewe."

Nikaingia na hasira zangu. Jiwe lile nilishalitupa mbali. Risasi tatu zikapita. Ya nne, nikasikia mlipuko kutoka kule juu, nikangoja. Nimekaa katika mahandaki mengi, na siku zote chuma hulia kwanza, mlipuko wa bunduki ukafuata nyuma. Hapa mlipuko ulitangulia, kukawa kimya kidogo, ndipo chuma kikalia juu ya kichwa changu. Nilipoinua macho niliona doa la kijivu kwenye rangi, doa la risasi iliyofika ikiwa imechoka. Ee Mungu wangu. Risasi ya bastola huenda polepole kuliko ya bunduki, mpaka ifike pale sauti imeshaipita, ndiyo maana chuma huchelewa kulia. Miaka yote hiyo nimehesabu bunduki tu, nikadhani hesabu ni moja. Niliona aibu, masikio yakawaka moto.

"Imegonga," nikasema kwa redio.

Ikaja sauti ya Gakuru: "Obonyo, na sisi tumehesabu. Tano na nusu. Toka huko."

Nikapanda juu nikawaeleza mara mbili, mara tatu. Nikawaambia yeyote aingie ajionee, lakini hakuna aliyetaka kukaa mbele ya bastola. Wengine wakanong'ona kwamba sasa hata Obonyo ameonjeshwa mayai. Gakuru akaniambia nigeuze mifuko yangu, atazame nimegonga chuma na nini. Nikageuza, mwanajeshi mzima. Kulikuwa na leso tu, na hata hiyo wakaikunjua. Kushuku nimewafundisha mimi, na walikuwa wamefuzu vizuri. Wakachukua filimbi yangu ya uamuzi, nikaondoka kwa miguu mpaka barabarani.

Nilienda moja kwa moja kwa kina Naipanoi. Alikuwa anafua nguo nje. Nikamsalimia kwa Kimaasai, sopa, akaitikia ipa bila kuinua macho. Nikamweleza yote nimesimama, kofia mkononi. Nikamwambia nimekosa, nimemharibia jina, anisamehe. Akakamua sweta polepole mpaka maji yakaisha.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wote."

"Wamekuamini?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mimi bado ni mwongo," akasema, akaanika sweta kwa waya.